Kabla hujarenda chumba: mwanga, kamera na vipimo kwanza, ubora baadaye

Mtu akirenda sebule aliyoipanga, yaani akiiachia kompyuta ikokotoe picha ya chumba kutoka kwenye modeli ya 3D, na picha ikatoka imepauka, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kitelezi cha ubora. Anakivuta hadi mwisho, kompyuta inaunguruma usiku kucha, na asubuhi anakuta picha ileile iliyopauka, ila sasa haina chembechembe, zile nukta za chenga zinazoonekana mkokotoo ukiwa wa haraka. Ubora hausahihishi chumba. Kazi yake ni kukokotoa kwa makini zaidi kile ulichokwisha kukiweka, kwa hiyo mwanga mbovu utabaki mbovu, tena utaonekana vizuri zaidi. Ndiyo maana karibu yote nitakayoyasema hapa ni ya kabla ya kubonyeza kitufe, uwe unatumia Sweet Home 3D ya bure, SketchUp yenye programu ya kurenda ya V-Ray au Enscape juu yake, au Blender.

Vipimo kwanza, ingawa havina mvuto. Modeli za fanicha tunazopakua zimetengenezwa na watu tofauti: wengine kwa milimita, wengine kwa inchi, wengine kwa kukadiria tu. Sofa ikiingia ikiwa kubwa kuliko chumba utaiona papo hapo. Hatari ni ile iliyozidi kwa asilimia 15. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, na wewe utahangaika na taa wakati tatizo ni kiti. Mimi hupima kila kinachoingia: sehemu ya kukalia ya kiti cha kulia iwe karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, meza yake 75, kaunta ya jikoni 90 hivi, mlango uzidi mita 2 kidogo. Njia ya kupita huiachia sentimita 90. Ikishuka chini ya 60 mtu anapita kiubavu, na hakuna kurenda kutakakoiponya njia hiyo.

Angalia pia uzito wa modeli. Ua moja la mapambo kwenye kona linaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko nyumba nzima, kwa sababu kila jani limechongwa. Programu ikianza kukwama kila ukizungusha chumba, shuku mimea, mito ya sofa na mazulia ya manyoya kabla hujalaumu kompyuta.

Kamera

Kamera ndiyo inayodanganya kirahisi kuliko vyote. Lenzi ya milimita 18 inaona nyuzi 90 kwa upana, na chumba kidogo cha kulala kinageuka ukumbi. Picha inapendeza, mteja anafurahi, kisha anaingia kwenye chumba chenyewe na kuuliza nafasi imeenda wapi. Mimi hukaa kati ya milimita 24 na 35, yaani nyuzi 74 hadi 54 hivi. Chumba kikiwa kidogo mno kwa lenzi hiyo, badala ya kupanua lenzi nairudisha kamera nyuma hadi nje ya ukuta, halafu nauficha ukuta ulio mbele yake. Programu nyingi zina njia ya kukata vitu vilivyo karibu na kamera ili ione kupita ndani yake, na ukipata mpangilio huo hutaki tena lenzi pana. Jambo la kuangalia ni moja: ukuta uliouficha usipitishe mwanga ambao haukuwepo. Kuificha sura yake mbele ya kamera ni tofauti na kuufuta.

Kimo cha kamera nacho kina athari kubwa. Wengi huiacha kwenye mita 1.7, kimo cha macho ya mtu aliyesimama, na picha inajaa sakafu na migongo ya viti. Ishushe hadi mita 1.2 au 1.4. Kisha hakikisha kamera inatazama mbele bila kuinama wala kuinuka, ili kingo za kuta na milango zisimame wima. Ukihitaji kuona dari zaidi, sogeza fremu juu kwa kitelezi cha kuhamisha lenzi, usiinamishe kamera. Kwa SketchUp, mtazamo wa nukta mbili unafanya kazi hiyo kwa mbofyo mmoja. Kuta zinazoanguka kuelekea katikati ndicho kitu cha kwanza kinachoitambulisha kazi ya haraka.

Mwanga

Hapa ndipo ningekuomba utumie nusu ya muda wako wote. Anza kwa kuzima kila taa ambayo programu imeiweka yenyewe. Programu nyingi humwaga mwanga wa jumla chumbani ili usione giza unapopanga fanicha, na mwanga huo ndio unaoua vivuli. Sofa inaonekana kuelea, na kona zote zinafanana. Ukishauondoa, washa anga na jua peke yake uone madirisha yanatoa nini. Weka kaskazini mahali pake halisi na uchague saa. Katika Sweet Home 3D dira iliyo kwenye ramani ndiyo inayoamua jua linatokea upande gani, na watu wengi hawaigusi kabisa. Saa za asubuhi au alasiri, jua linapoingia kwa mshazari, hueleza umbo la chumba vizuri zaidi kuliko mchana wa utosi.

Kama chumba bado ni kizito, tazama vioo vya madirisha kabla hujaongeza taa. Kioo chenye unene na tabia kamili za kioo humlazimisha mkokotozi wa mwanga kufuata mionzi inayopinda, na matokeo yake ni giza na chembechembe nyingi. Tumia nyenzo ya kioo chembamba, au kiondoe kabisa kwenye madirisha yasiyoonekana kwenye fremu. Hakuna atakayekitafuta.

Baada ya hapo ndipo taa za ndani zinafuata, moja baada ya nyingine. Zipe joto la rangi linaloeleweka: Kelvini 2700 hadi 3000 kwa sebule na vyumba vya kulala, 4000 kwa sehemu za kazi, na mwanga wa mchana wa mawingu ni kama 6500. Ukichanganya taa ya 2700 na dirisha la 6500, taa itaonekana ya chungwa na dirisha la buluu. Kidogo cha hayo kinapendeza, kikizidi kinachosha macho. Rekebisha mizani ya weupe ya kamera badala ya kupaka taa rangi za kubuni. Kumbuka pia kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiipandisha taa mara 2 juu ya meza, mezani inabaki robo ya mwanga. Kwa taa ndogo za darini, faili za IES zinazotolewa na watengenezaji wa taa zina umbo halisi la mwanga wa kila taa. Lile duara laini linaloteremka ukutani hulipati kwa kubahatisha.

Kwa wanaotumia Sweet Home 3D: taa ulizoziweka huhesabiwa katika ngazi 2 za juu za ubora tu. Ukijaribu kwa ngazi za chini utadhani taa zako zimeharibika.

Na rangi nyeupe, jamani, isiwe nyeupe kamili. Ukuta halisi uliopakwa rangi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga, sehemu nyingine unaimeza. Ukiweka 255, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa, kwenye nyekundu, kijani na buluu, mwanga unadunda kutoka ukuta hadi ukuta bila kuchoka na kona zinapotea. Weka 230 hivi. Chumba bado kitasomeka cheupe, na vivuli vitarudi.

Nyenzo

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye sakafu za watu ni ukubwa wa mchoro. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kinapigwa kana kwamba ni cha mita moja, na chumba kizima kinasinyaa kwa kulinganisha. Andika kipimo halisi cha picha ya nyenzo, usivute kwa macho. Mbao zifuate urefu wa kipande: mguu wa meza wenye mistari ya mbao inayokatiza upande humshtua hata asiye fundi. Kama doa lilelile la mti linajirudia kila hatua, tafuta picha inayofunika eneo kubwa zaidi au izungushe vipande kwa vipande.

Kinachotofautisha nyenzo machoni petu ni namna zinavyong'aa, kuliko hata rangi. Plasta, ngozi, chuma kilichopigwa brashi na mbao zenye vanishi zinaweza kuwa na rangi moja, na bado ukazitambua zote kwa jinsi zinavyorudisha dirisha. Basi shughulika na kitelezi cha kung'aa na kufubaa. Karibu hakuna kitu ndani ya nyumba kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia wala kilichofubaa kabisa. Halafu lainisha kingo. Meza ya modeli ina ncha kali kama wembe. Lainisha ukingo wake kwa milimita 1 au 2 tu na utaona mstari mwembamba wa mwanga ukikimbia ukingoni. Kwa kazi ndogo kiasi hicho, sijui mbinu nyingine inayolipa zaidi.

Mchoro wa sakafu nao ni picha

Watu hurenda kwa bidii kisha hubandika pembeni ramani ya sakafu ambayo mistari yake yote ina unene mmoja. Ramani hiyo haisomeki. Kuta zilizokatwa zipe milimita 0.5, fanicha 0.25, mistari ya vigae 0.13. Maandishi yakitoka kwenye karatasi yawe na kimo cha milimita 2.5 angalau. Kwa kipimio cha 1:50 hiyo ni sentimita 12.5 ndani ya modeli. Rangi mimi hutumia chache: moja iliyofifia kwa sakafu, moja kwa kile ninachotaka kijadiliwe, basi. Ukishapata mtindo unaoupenda, uhifadhi kama kiolezo ili kazi inayofuata ianzie hapo.

Sasa kitufe

Jaribu kwa picha ndogo. Ukipunguza upana na urefu kwa nusu, pikseli zinabaki robo na muda unapungua karibu kiasi hicho. Chembechembe hazipungui kwa kasi unayoitarajia: ili zipungue kwa nusu, sampuli, yaani mara ambazo programu inakokotoa mwanga wa kila pikseli, zinapaswa kuongezwa mara 4. Ndiyo maana ni afadhali kuiachia programu ya kusafisha chembe imalizie, ila usiiachie kazi yote. Sampuli zikiwa chache mno inafuta nyuzi za zulia na vinyweleo vya mbao, na kila kitu kinakuwa kama plastiki. Kwa kuchapa kwenye A3, pikseli 2480 kwa 1754 zinatosha, hiyo ikiwa pikseli 150 kwa inchi. Hifadhi PNG kwanza, JPEG baadaye.

Wanaotumia Blender waangalie jambo moja zaidi. Tangu toleo la 4.0, rangi kwa kawaida hupitishwa kwenye AgX, njia ya kugeuza mwanga uliokokotolewa kuwa rangi za skrini, inayotuliza sehemu zenye mwanga mkali. Kwa picha ya chumba ninaipenda sana, lakini rangi ya ukuta uliyoinakili kutoka kwenye katalogi haitatoka vilevile kwenye skrini. Mteja akishika kadi ya rangi mkononi atauliza. Mimi humpelekea pia picha ndogo ya rangi hiyo peke yake, bila mwanga wowote.

Ukitaka aamue kati ya vitambaa au vigae, ifunge kamera, ifunge saa ya jua, badilisha kitu kimoja tu, na kwenye jina la kila faili andika kilichobadilika pamoja na saa uliyoichagua. Akikupigia simu kuhusu "ile yenye sofa ya kijani", mtakuwa mnaitazama picha moja.