Berlin na Hamburg kwa mtu wa kwetu: pa kwenda, mila za wenyeji na zawadi ya kubeba

Dada, umeuliza mambo matatu. Ukimaliza mafunzo yako Berlin na kubaki na likizo fupi, ukaone nini zaidi ya lile lango la Brandenburg ambalo kila mtu anapigia picha? Wenyeji wana mila gani za kuzingatia? Na huyo mama aliyekukaribisha kwake umpelekee nini? Wakuu wengine waliokujibu wamekutajia Paris, Roma na Amsterdam. Ni miji mizuri, sibishi. Ila mimi nimeishi Berlin miaka kadhaa na ninakushauri usikimbizane na nchi tano. Kaa Berlin, kisha panda treni hadi Hamburg, na sehemu kubwa tembea kwa miguu ukiangalia vibao vya mitaa na hata chini unapokanyaga. Historia yetu imelala humo, na wengi wetu tunaipita bila kujua.

Anza na makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, mtaa wa Invalidenstraße. Ukumbi wa kwanza tu unakutana na mifupa ya dinosaria, Giraffatitan, kimo chake mita 13.27. Huyo ni wa Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale na kuondoka na zaidi ya tani 200 za mifupa iliyogeuka mawe. Reli hakuna, barabara hakuna. Kila kipande kilifungwa kikabebwa na wapagazi, kichwani na begani, mwendo wa siku kama nne hadi bandarini Lindi. Kumbuka pia Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu. Kusini kulikuwa kumetoka kwenye njaa iliyoua watu kuliko risasi, maana mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Walionusurika ndio waliochimba na kubeba. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Miaka 100 kasoro kidogo baadaye, lakini jina limeandikwa na litabaki. Simama pale bila haraka. Mimi kila mgeni akinitembelea kutoka nyumbani ndipo ninapompeleka kwanza, na sijaona aliyetoka humo akizungumza mambo mengine njiani.

Ukitoka, fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki. Utapita stesheni ya Nordbahnhof, na jirani yake ndipo Bernauer Straße, mtaa uliokatwa na Ukuta wa Berlin tarehe 13 Agosti 1961. Nyumba za upande mmoja zilikuwa mashariki lakini njia ya mbele ya milango yake ilikuwa magharibi, watu wakawa wanaruka madirishani ili wawe huru. Kumbukumbu ya pale ni ya bure na imepangwa vizuri sana. Hiyo utaikuta kwenye kila kitabu cha wageni, kwa hiyo siendi mbali nayo.

Ninachotaka ukione kiko mbele kidogo, Brunnenstraße namba 193. Usitafute mnara wala bango. Angalia sakafu ya njia ya waenda kwa miguu, mbele ya mlango. Kuna kijiwe chenye uso wa shaba nyeupe-njano, sentimita 10 kwa 10, kimepachikwa sawasawa na mawe mengine. Maandishi yanaanza kwa kusema hapa aliishi, halafu jina: Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa vitani akiwa mtoto, Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin akafuata mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Akaambiwa amechelewa. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu kadhaa, pamoja na ile ya 1941 ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni aliyeanzisha utawala wa Wajerumani kwetu. Mwaka huohuo akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa la rangi kwa sheria za Wanazi. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Vijiwe hivi vinaitwa Stolpersteine. Alivianzisha msanii Gunter Demnig miaka ya 1990, na sasa viko zaidi ya 100,000 Ulaya nzima, kila kimoja kwa mtu mmoja, kwenye nyumba aliyoishi. Vingi ni vya Wayahudi. Kila mwaka karibu na tarehe 9 Novemba, usiku ule wa 1938 masinagogi yalipochomwa, majirani hutoka kuvisafisha. Mama mmoja mzee wa mtaani kwangu alinionyesha: anapiga goti kwenye kigodoro cha bustanini, anapaka dawa ya kung'arisha shaba, anasugua kwa kitambaa hadi herufi zinasomeka, anafuta kwa maji, anaweka waridi na mshumaa. Hao watu hakuwajua, hana undugu nao. Hii kwangu ndiyo mila ya Wajerumani ninayoiheshimu kuliko zote. Ukiwa huko Novemba, nunua mshumaa ukauwashe kwa Mohamed.

Vibao vya mitaa navyo visome. Sehemu ya Berlin iitwayo Neukölln, karibu na uwanja wa Hermannplatz, kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule kamanda aliyezima vita vya Abushiri. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tangu 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu wa Moshi, muuguzi aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika cheo cha uwaziri Tanzania. Kule Wedding, sehemu nyingine ya Berlin, nako kuna mtaa wa Tanga, wa Usambara, wa Zanzibar, na ile njia iliyobeba jina la Peters iligawanywa Agosti 2024, kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Haikuja hivihivi. Wanaharakati weusi wa Berlin walidai kwa miaka mingi, wakapingwa hadi mahakamani, hawakuchoka.

Sasa mila. Utashangaa jinsi salamu zilivyo na uzito, tofauti na tunavyoambiwa kwamba Wazungu hawasalimiani. Barabarani hapana, ni kweli. Lakini ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari, wasalimie wote waliokaa, nao wataitikia kwa pamoja. Kwenye lifti hivyohivyo, na ngazini kwa majirani. Asiyesalimia anaonekana hana adabu, kama kwetu tu.

Jumapili maduka yamefungwa, na si uvivu. Mapumziko ya Jumapili yaliandikwa kwenye katiba yao ya Weimar ya 1919 na kifungu hicho kinafanya kazi hadi leo. Kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Siku hiyo usitoboe ukuta, usipige muziki juu, na kila siku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Mwanzoni utaona ni gereza. Baadaye utakuta wanafamilia wamejaa bustanini, wazee wanakunywa kahawa na keki saa tisa alasiri, na hutataka irudi kuwa siku ya biashara.

Chupa ina hela yake, kama soda zetu za chupa dukani. Ya plastiki nyingi ni senti 25, unarudisha kwenye mashine ya dukani unapata karatasi ya kukatia bei. Ukiwa mjini na hutaki kuibeba, usiitupe ndani ya pipa, iweke chini kando yake. Kuna wazee na watu wa hali ya chini wanaoishi kwa kuziokota, na wenyeji wengi huwaachia hivyo ili wasitie mikono kwenye taka. Mengine kwa haraka: tiketi ya karatasi igonge muhuri kabla ya kupanda, kwani wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu subiri, hasa watoto wakiwepo. Na usimpongeze mtu siku yake ya kuzaliwa kabla haijafika, wanaona ni mkosi.

Hamburg nenda upande wa bandari, Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu kwenye mifereji, urithi wa dunia tangu 2015. Kahawa, viungo na mazulia vilihifadhiwa humo. Wafanyabiashara wa mji huu walikuwa Unguja tangu kabla ya ukoloni. Kampuni ya O'Swald ilitajirika kwa kauri, yale makombe madogo ya baharini ya pwani yetu, yaliyouzwa Afrika Magharibi kama fedha. Hamburg pia ndiko ilikohamia sanamu ya Wissmann iliyokuwa Dar es Salaam, mpaka wanafunzi wakaiangusha 1968. Pale iliposimama Dar leo kuna sanamu ya Askari, ile ya barabara ya Samora.

Halafu chukua treni hadi makaburi ya Ohlsdorf. Yalifunguliwa 1877 na ni makubwa mno, hekta 389, mabasi ya mji yanapita ndani kwa ndani. Humo amelala Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani aliyezaliwa Mtoni 1844, akakimbia Unguja 1866 akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, akabatizwa na kuolewa Aden, akafiwa na mume 1870 kwa ajali ya tramu na kubaki na watoto watatu ugenini. Alizikwa 1924 pamoja na mchanga wa Unguja alioutunza. Nampenda kwa ushujaa wake, lakini kitabu chake cha kumbukumbu cha 1886 kimetetea utumwa, na kwa sababu hiyo Hamburg ililiondoa jina lake kwenye uwanja waliompa 2019. Nadhani walifanya sawa. Kaburi nalo lizuru, yote mawili yanawezekana.

Zawadi: nyama na maziwa usibebe, forodha ya Ulaya inakataza. Beba kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa, korosho za Mtwara na karafuu. Ukimnunulia maua hukohuko, yatoe kwenye karatasi kabla ya kumkabidhi, na mpe idadi isiyogawanyika kwa mbili. Zawadi ataifungua mbele yako, hapo usione haya. Makumbusho ya dinosaria Jumatatu yamefungwa, kwa hiyo panga kuanzia Jumanne.