Defender inatosha, ila usiiache kama ilivyokuja

Mkuu, umeuliza kama Defender inayokuja na Windows inatosha kwa kompyuta za steshenari au ulipie antivirasi nyingine. Mimi huu mwaka wa sita natumia Defender na sijalipia kitu. Ila iliwahi kuniumbua mbele ya walimu.

Mteja aliniachia kwenye flashi ya kazi zipu (faili moja lililofungasha mengine ndani) ya mitihani ya zamani, kaitoa Telegram. Sikuifungua. Jioni nikaskani kompyuta nzima, ile skani kamili ya masaa, flashi ikiwa imechomekwa. Tiki ya kijani, hakuna tishio. Kesho yake nikaipeleka shule moja. Mwalimu wa taaluma akaifungua zipu kwenye kompyuta yao, antivirasi hata haikuwepo, akabofya "Hisabati.pdf". Kimya. Baada ya muda mafaili ya matokeo yakaanza kubadilika majina, moja moja, tunaangalia. Pona yetu matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani. Tulikaa siku mbili tukiyachapa upya.

Kumbe skani kamili ya Defender, ilivyopangwa tangu mwanzo, inairuka flashi! Faili la flashi hukaguliwa likiguswa, na kilichofichwa ndani ya zipu kinaweza kulala humo hadi uifungue. Dawa yake ni kufungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama admini na kuandika:

Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false

Halafu ile "Hisabati.pdf" ilikuwa Hisabati.pdf.exe, yaani programu, si hati. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, sijui nani aliona hilo ni wazo zuri. Kwenye File Explorer, fungua View (Windows 11: View kisha Show) uweke tiki kwenye "File name extensions".

La tatu ndilo lingetuokoa siku ile, kama kompyuta ya shule ingekuwa na Defender: "Controlled folder access", ipo kwenye Windows Security chini ya "Ransomware protection" (kinga dhidi ya virusi vinavyoteka mafaili). Imekuwepo tangu 2017 lakini huja imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyoaminika haiwezi kubadilisha mafaili ya Documents, Pictures na Videos. Angalizo: kama kazi za wateja unaweka diski D, kama wengi wetu, folda ya kazi hizo haimo mpaka uiongeze mwenyewe. Na wiki ya kwanza itakusumbua. Programu yangu ya kupunguza picha za pasipoti iligoma kusevu, mteja kasimama kaunta ananitazama. Nenda "Allow an app", iruhusu hiyo moja. Usizime yote kwa hasira kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza.