Mwanangu, usimshuku kwa sababu tu anapendwa

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini kila ukisoma riwaya ya mauaji ambayo mpelelezi wake ni mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake, unaishia kumshuku huyo mpenzi? Pili, katika kitabu hiki ulichonitumia, ndiye? La pili silijibu ng'o. Nimeshakimaliza na sitaki kukuharibia uhondo.

La kwanza lina historia. Mwaka 1952 huko Marekani, Marijane Meaker alichapisha riwaya ya wasichana wawili wanaopendana. Mhariri alikuwa amemwonya kwamba haiwezi kuisha kwa furaha, maana wakaguzi wa posta wangeizuia. Vitabu vingi vya enzi ile vilikwenda hivyo: mmoja afe, arukwe na akili, au akaolewe. Wasomaji wakazoea kuona penzi la namna hiyo kama dalili ya balaa. Mwaka 1984 Katherine V. Forrest alimleta Kate Delafield, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles, na safari hii mwanamke apendaye wanawake ndiye akawa anauliza maswali. Lakini mazoea hayafutiki upesi, na waandishi wa leo wanalijua hilo. Wanampa mpenzi uongo mmoja mdogo na barua aliyoificha, basi, sisi tunamkimbilia.

Wewe anza na anayesimulia. Ronald Knox, padri aliyeandika pia hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi mwaka 1929. Ya kwanza inataka mhalifu atajwe mapema, ila asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake. Sasa, riwaya za mapenzi hupenda kupokezana: sura hii ya huyu, inayofuata ya yule. Ukiwa umeingizwa vichwani mwa wote wawili, na mwandishi anaiheshimu kanuni hiyo, mpenzi ametoka. (Wapo wasioiheshimu, na baadhi yao ni mafundi kwelikweli.) Ukiwa umefungiwa kwa mpelelezi peke yake, yule bibi bado ni mshukiwa, hata awe na kicheko kitamu namna gani.

Halafu rudia zile kurasa ulizozisoma moyo ukikudunda. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwandishi mjanja hukohoa makusudi ili usisikie mlango ukifunguliwa. Walipobusiana mara ya kwanza, nani alipita nje? Simu iliita saa ngapi? Nani alikuwa na ufunguo wa chumba kile? Kwenye mahojiano sote tuko macho, tunapima kila jibu. Kwenye busu hakuna anayetazama saa. Ningekuwa mwandishi, dokezo langu kubwa ningelizika hapo hapo.

Mpenzi wa zamani mwenye wivu mimi humpuuza, kwa kawaida ni chambo. Wa kutazamwa ni yule mpole anayewasaidia wapendanao wakutane, anayebeba ujumbe na kujua kila mtu alikuwa wapi. Sisemi yumo kwenye kitabu chako, wala sisemi hayumo.

Kabla hujafungua sura ya mwisho, niandikie jina moja pamoja na ukurasa uliokufanya umshuku. Jina bila ukurasa silipokei.

Mama yako