Cayman yangu itakaa miezi mitano bila kuendeshwa: shemeji aiwashe kila wiki?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Porsche Cayman ya mwaka 2008, gia za mkono. Nimefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto na daktari amenizuia kuendesha. Nakadiria gari litakaa bandani miezi mitano. Shemeji amejitolea kuja kila Jumamosi kuliwasha dakika kumi ili injini isilale. Inatosha? Na mimi mwenyewe nifanyeje? Nikisikia injini ya mwenzangu inapita nje, roho inaniuma. Kuna watu wananishauri ninunue usukani wa kompyuta nisipoteze mkono. Unasaidia kweli?

JIBU: Pole sana kwa upasuaji, ndugu yangu. Mshukuru shemeji kwa moyo wake, lakini mwombe asiliwashe kabisa. Kuwasha dakika kumi na kuzima kunaumiza injini kuliko kuiacha imelala miezi yote mitano.

Injini ikiwa baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida, na sehemu yake huteremka kupitia ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Tena petroli ikiungua hutoa maji. Gari likiendeshwa mpaka oili ikakaribia nyuzi 90 za sentigredi, maji na petroli hiyo hugeuka mvuke na kutoka. Dakika kumi za kunguruma bandani hazifikishi oili huko. Maji yanabaki ndani ya injini na ndani ya ekzosi, na wiki inayofuata yanaongezewa mengine. Betri nayo haifaidiki, maana stata huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na muda ni mfupi mno kuurudisha. Kama kuna mtu mwenye leseni na bima inayomruhusu, aliendeshe nusu saa au zaidi mara moja kwa mwezi, barabarani, mpaka lipate moto sawasawa. Kama hayupo, liache limelala, ila liandae vizuri kwanza.

Maandalizi hayo yanahitaji safari moja ya mwisho, na kwa kuwa wewe huwezi, mpe mtu unayemwamini. Mwaga oili ya zamani na uweke mpya pamoja na chujio, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na hivyo havifai kukaa miezi mitano juu ya beringi. Mimina kwenye tangi dawa ya kuzuia petroli isiharibike, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha jaza tangi karibu lote. Tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu, jambo la muhimu zaidi kama petroli yenu imechanganywa na ethanoli, ambayo hufyonza maji. Gari lioshwe, halafu liendeshwe nusu saa: dawa itafika mpaka kwenye injekta na diski za breki zitakauka. Kuliosha na kuliingiza bandani likiwa bichi ni kukaribisha kutu.

Likishaegeshwa, usivute hendibreki. Cayman yako ina viatu vidogo vya breki ndani ya diski za nyuma kwa ajili ya hendibreki peke yake, na vikikaa vimebana muda mrefu hushikana na chuma. Weka gia ya kwanza, kisha kabari mbele na nyuma ya tairi.

Sasa betri, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Hata gari likiwa limefungwa, alamu na kipokezi cha rimoti vinaendelea kula umeme. Chukulia kwa mfano vinakula miliampea 40: kwa siku ni karibu ampea-saa 1, kwa hiyo betri ya ampea-saa 70 inabaki nusu baada ya wiki tano hivi. Betri ya asidi ikikaa na chaji ndogo, salfeti hujijenga juu ya bamba za risasi na kuwa ngumu, na hapo hata ukiichaji hairudi na nguvu zake. Nunua chaja ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, uiache imeunganishwa muda wote. Ukitaka kuichomeka kwenye tundu la kiberiti, hakikisha kwanza tundu hilo linabaki na umeme gari likiwa limezimwa. Betri nzima iliyopumzika saa kadhaa bila chaja inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikishuka 12.4, ichaji bila kungoja.

Mtego wenyewe ni kwamba betri ya gari lako iko mbele, chini ya kifuniko kinachofunguka kwa umeme. Betri ikifa, kifuniko hakifunguki, nawe huifikii betri. Porsche waliliona hilo. Kwenye kisanduku cha fyuzi, pembeni mwa sehemu ya kuweka miguu, kuna ncha ya kuvuta nje. Unganisha chanya ya betri nyingine hapo, na hasi kwenye chuma cha komeo la mlango, kisha ubonyeze swichi ya kifuniko. Alamu inaweza kulia, usishtuke. Njia hiyo ni ya kufungulia kifuniko tu. Usiitumie kupigia stata.

Tairi ziongezee upepo nusu bar juu ya kiwango cha kawaida, bila kupita kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Hii inapunguza ule ubapa unaojitokeza pale tairi inapogusa sakafu. Usilininginize gari kwenye jeki miezi mitano. Bushi za mikono ya magurudumu hukaa zimejikunja mahali pasipo pao. Shemeji akitaka kazi, hii hapa: kila baada ya wiki mbili atoe gia, alisukume na mwenzake robo mzunguko wa gurudumu, arudishe gia na kabari, aangalie taa ya chaja na dalili za panya. Matundu ya ekzosi yazibwe kwa stilwulu, na utepe mwekundu ufungwe kwenye usukani ili asiwepo wa kusahau kuitoa. Kava liwe la kitambaa kinachopumua. La nailoni hufungia unyevu juu ya rangi.

Kuhusu roho kuuma: usukani wa kompyuta unasaidia, kama utajua unanunua nini. Pesa yako ipeleke kwanza kwenye pedali, hasa ya breki inayopima nguvu ya mguu na si umbali inaosogea, kwa sababu hata kwenye gari mguu husoma nguvu. Chagua gari moja na njia moja, dakika 20 kwa kikao, na lengo liwe mizunguko inayofanana, isiyopishana zaidi ya nusu sekunde. Hapo unatunza macho na breki. Gia badilisha kwa vidole, goti lipumzike. Ambacho usukani hautakupa ni uzito wa mwili kuvutwa kwenye kona na hofu ya kweli, kwa hiyo mwendo unaouzoea kwenye kioo cha kompyuta usiuhamishie barabarani.

Goti la kushoto ndilo la klachi. Ruhusa ni ya daktari, na dawa kali za maumivu lazima ziwe zimekwisha. Akisharuhusu, kaa kwenye gari lililozimwa, ukanyage klachi mpaka mwisho mara 30, na ya mwisho uishikilie sekunde kumi. Mguu ukitetemeka au ukiuma, bado hujawa tayari kwa foleni.

Siku ya kurudi, toa stilwulu, rudisha upepo wa tairi, chungulia sakafuni kama kuna uvujaji, na bonyeza breki uone kama pedali ni ngumu. Kiowevu cha breki kilichopita miaka miwili kibadilishwe kabla ya kutoka. Ukiwasha, moshi wa bluu kwa muda mfupi usikutishe: silinda za injini hii zimelala, na oili iliyotulia hupenya ringi. Moshi ukiendelea dakika kadhaa, zima na umwone fundi. Usipite mizunguko 3,000 kwa dakika mpaka kipimo cha maji kitulie mahali pake, kisha ongeza dakika kumi, maana oili hupata moto baada ya maji. Kutu nyepesi ya diski itafutika kwa kukanyaga breki taratibu mara kadhaa. Ukirudi nyumbani, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Rimu ya nyuma ikiwa na moto kuliko ya upande wa pili, breki ya gurudumu hilo imekwama, na gari lisitoke tena mpaka lifunguliwe.