Kutoka benki kwenda uhadhiri: uzoefu wangu utahesabiwa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina shahada ya uzamili ya hisabati, na kwa miaka saba nimekuwa kitengo cha vihatarishi cha benki moja Dar es Salaam, nikitengeneza modeli za hasara za mikopo. Nataka kufundisha na kutafiti hisabati za fedha chuo kikuu. Uzoefu huu utanipunguzia safari, au nitaanza sawa na aliyehitimu juzi?

JIBU: Ndugu yangu, ukitaka nafasi ya utafiti, uzamivu hauukwepi. Watu hupenda kumtaja Emanuel Derman, aliyetoka benki ya Goldman Sachs ya Marekani akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, wakasahau kwamba alikuwa na uzamivu wa fizikia tangu 1973. Jim Gatheral naye alihama benki ya Merrill Lynch kwenda Baruch College, New York, akiwa na wa kwake wa Cambridge. Kwa shahada ya uzamili utapata vipindi vya muda, au uhadhiri msaidizi kama GPA zako zinaruhusu. Na kupanda cheo ni kwa machapisho. Ripoti zako za benki, hata zikiwa nzuri namna gani, hakuna aliye nje ya benki anayeweza kuzisoma.

Kitakachokutofautisha ni maswali unayoyajua. Tangu Januari 2018, IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, inataka benki zikadirie hasara kabla mkopo haujawa chechefu. Modeli zinazotumika zinahitaji data za miaka mingi, zenye vipindi vya uchumi mzuri na mbaya. Wewe unazo za miaka michache, na ndani yake kuna mikopo iliyopangwa upya mara mbili ikaonekana mizima. Uwezekano wa mteja kushindwa kulipa utaupimaje hapo? Hilo ni swali la tasnifu kabisa, na aliyehitimu juzi hata hajui kwamba lipo.

Hatifungani za serikali nazo zina lao. Fomula ya Nelson na Siegel ya 1987 huchora mkondo wa riba, yaani riba ya kila muda wa kuiva, vizuri pale bei zinapopatikana kila siku. Kwetu wanunuzi wengi huchukua hatifungani mnadani na kukaa nayo hadi iive, hivyo bei ya mauzo ya wiki tatu zilizopita huingia kwenye hesabu kana kwamba ni ya leo.

Data za mikopo ni mali ya benki. Omba kibali cha maandishi ungali mwajiriwa: majina ya wateja yaondolewe, nawe uwe na haki ya kuchapisha hata matokeo yasiyoipendeza benki. Kuzibeba kwenye flashi ni kujitafutia kesi.

Mshahara utashuka, tena sana. Lizungumzeni nyumbani mapema.

Msimamizi wa tasnifu usimwandikie historia yako ya kazi. Mpelekee kurasa mbili zenye swali lako, data utakazoruhusiwa kutumia, na jaribio moja dogo ulilofanya kwa matokeo ya minada ya Benki Kuu, ambayo yako wazi kwa yeyote.