Maswali ya Wasomaji: Mahali pa Kulaza Gari la Safari Kando ya Ruvuma

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu aliyeishi Marekani kwa miaka mingi anakuja likizo mwezi Julai pamoja na mkewe na watoto wao. Huko wamezoea kusafiri kwa gari lenye vitanda, jiko na choo, na kulala katika viwanja maalumu kando ya maziwa na mito, ambako kila gari hupewa nafasi yenye umeme, bomba la maji na tundu la kumwagia maji machafu. Fundi wa hapa Mtwara ametutengenezea Hiace yenye vitanda na jiko la gesi, na wageni wangependa tulale siku tatu karibu na Mto Ruvuma. Tumeonyeshwa maeneo mawili upande wa Kilambo. Moja liko ukingoni kabisa, lina nyasi fupi na mandhari ya kupendeza. La pili liko juu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka mtoni, kwenye uwanja wa mtu mwenye kisima na choo. Bei zinakaribiana. Tuchague lipi?
Baba wa Watatu, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu yetu wa Shangani, chagueni la juu, na mtoni mshuke mchana.

Hizo nyasi fupi zilizokuvutia ndizo zinazonitia wasiwasi. Kiboko hushinda majini na hutoka usiku kwenda kula majani nchi kavu, akipita njia zake zilezile kila siku, na mahali anapolisha hubaki pamefyekeka kama uwanja uliotunzwa. Ukingo ulioinama taratibu, usio na vichaka, ambao dereva anauona unafaa kabisa kuegesha, mara nyingi ndio malisho yake na ndio mlango wake wa kurudia mtoni alfajiri. Mtu anayefungua mlango wa gari saa kumi na moja ili aende haja anaweza kujikuta amesimama kati ya kiboko na maji, na hapo mnyama huyo hana subira. Mamba naye hukaa jirani na pale watu wanapozoea kuchota maji na kufua. Kwa kuwa mna watoto ambao hawakukulia kando ya mto wa namna hii, sioni mandhari yoyote inayostahili kulipiwa kwa hofu hiyo.

Kuhusu mafuriko, Julai ni kiangazi na mto huwa umeshuka, lakini fahamuni tabia yake kwa safari nyingine. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, kisha hupokea maji ya Mto Lugenda kutoka Msumbiji, kwa hiyo kati ya Desemba na Mei unaweza kujaa hata kama Kilambo kwenyewe hakuna wingu. Mkifika popote kando ya mto, tazameni matawi ya miti: takataka na majani makavu yaliyonasa juu yanaonyesha maji yalifika wapi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwenye kambi aliyejenga ndani ya mita hizo ningemuuliza kwa makini zaidi choo chake kinamwaga wapi.

Lipo pia suala la mpaka. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na tunakumbuka kwa uchungu jinsi kijiji cha Kitaya, katika mkoa huu huu wa Mtwara, kilivyovamiwa Oktoba 2020. Kabla ya kulala, nendeni ofisi ya serikali ya kijiji, mjitambulishe kwa mtendaji, mwonyeshe vitambulisho vyenu na pasipoti za wageni, kisha mfuate atakachosema kuhusu hali ya eneo. Kulala kwenye uwanja wa mwenyeji anayejulikana kijijini ni salama kuliko kuegesha peke yenu ukingoni, kwa sababu jirani atajua kama kuna jambo lisilo la kawaida.

Msitarajie huduma za viwanja vya Marekani. Huko umeme wa nyumbani ni volti 120, na viwanja hivyo huwa na soketi za ampea 30 au 50. Wetu ni volti 230. Chaja za simu kwa kawaida hukubali umeme wa pande zote mbili, lakini birika au mashine ya kukaushia nywele iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee itaungua ikichomekwa hapa. Kisima cha mwenyeji kina faida kubwa kuliko mnavyodhani, kwani lita 100 za maji zina uzito wa kilo 100, na mzigo huo juu ya Hiace katika njia ya mchanga ndio unaozamisha matairi. Fikeni kabla ya jua kuzama, mmoja wenu ashuke aitembelee njia kwa miguu, na mkipunguza upepo wa matairi ili kuvuka mchanga, mjaze tena kabla ya kurudi lami.

Mwulizeni pia mwenyeji kama ana mikorosho au anapakana nayo. Julai ni msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na kivuli cha mkorosho, kizuri kama kilivyo, hakifai kulalia watoto siku ambayo dawa inapepea shambani. Jiko la mkaa lisiingie garini hata likionekana limezimika, na mtungi wa gesi ulale nje.

SWALI: Sisi tunapanga kulala karibu na Ziwa Rutamba. Je, watoto wanaweza kuoga ziwani?
Mama wa Mikumbi, Lindi

JIBU: Mama, ningewazuia. Mikoa yetu ya kusini ina kichocho cha mkojo, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi yaliyotulia yenye magugu, vikapenya ngozi ndani ya dakika chache bila mtoto kuhisi lolote. Tafuteni kambi yenye kisima chake. Ikibidi kuogea maji ya ziwa, yachemsheni kwanza, au yachoteni myaache kwenye chombo siku mbili bila kuongeza mengine. Kama watoto wameshaingia, wapelekeni kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye wapimwe mkojo, hata kama hawalalamiki, kwa kuwa dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.