Fomu ya masomo ya uhandisi: nisaini au niache?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa huku Louisville, Kentucky. Binti yangu anaingia darasa la tisa, kaniletea fomu ya kuchagua masomo, ndani kuna kitu kinaitwa Project Lead The Way, kuna upande wa uhandisi na upande wa tiba. Yeye kang'ang'ania uhandisi maana tangu mdogo kazi yake ni kufungua redio na simu za watu. Shemeji anasema nisisaini, eti ni ufundi wa watoto wasioenda chuo na baadaye tutadaiwa hela. Kaunsela wa shule naye kamwambia asubiri kwanza Kiingereza kikae sawa. Nifanye nini?
Mama wa watatu, Louisville

JIBU: Marahaba mama, poleni na majukumu. Saini. Naanza na hilo maana fomu hizi zina tarehe ya mwisho, maelezo yanafuata.

Hao Project Lead The Way ni shirika lisilotafuta faida, makao yake Indianapolis, jimbo la jirani yenu hapo. Lilianza 1997 na shule 12 za sekondari jimbo la New York, na chimbuko lake ni mwalimu Richard Blais ambaye miaka ya 80 alianzisha darasa la elektroniki shuleni kwake ili wanafunzi wavutike kwenda kusomea uhandisi. Yaani lengo tangu mwanzo lilikuwa chuo, shemeji hapo kapotoka. Wao wanaandaa mtaala na kuwapiga msasa walimu kabla hawajaanza kuufundisha, na shule ndiyo inayojiunga na kulipa ada ya kila mwaka, kwa hiyo wewe hutaletewa bili na shirika. Kuna shule zinachangisha kidogo ya vifaa, hiyo uliza, na kama kipato ni kidogo omba msamaha wa hiyo pesa bila aibu yoyote.

Sasa darasani wanafanya nini. Kozi ya kwanza ya uhandisi kwa miaka mingi imekuwa na kazi moja naipenda sana, mtoto anapewa vipande vidogo 27 vya mbao vyenye umbo la mchemraba, anavipima kimoja kimoja kwa kipimo maalum na kugundua kwamba havilingani kabisa hata kama vimetoka mashine moja, anapiga hesabu ya wastani na tofauti zake, halafu anavigundisha viwe vipande vichache vya ajabuajabu ambavyo vikipangwa sawasawa vinarudi kuwa mchemraba mmoja. Anachora kwa mkono, anachora kwenye kompyuta, anatengeneza, anampa mwenzake ajaribu kuupanga. Kila hatua inaandikwa na tarehe kwenye daftari la uhandisi, pamoja na yale yaliyoshindikana. Mtoto anayefungua redio za watu atafurahi mpaka basi!

Upande wa tiba unafaa anayewaza unesi au udaktari, ila nikutahadharishe mapema, kozi yake ya kwanza kwa miaka mingi ilijengwa juu ya kisa cha kubuni cha mtu aliyekutwa amekufa na wanafunzi wanachunguza sababu, asije mtoto mwingine akasimulia mezani ukashtuka.

Hili la Kiingereza ndo limeniuma. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumweka mtoto darasani bila kumsaidia lugha ni kumnyima elimu, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria inayozitaka shule zichukue hatua za kuondoa kikwazo cha lugha ili mtoto ashiriki sawa na wenzake. Kwa hiyo "asubiri" si jibu la kupokea kimyakimya. Na kusema kweli kozi yenye kuchora, kupima na kushika vitu ni mahali pazuri sana pa kukuza Kiingereza, japo daftari litamtoa jasho mwanzoni. Omba kikao na kaunsela, omba mkalimani wa Kiswahili, shule ndiyo inamlipa, usimfanye binti awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Kwenye kikao hicho komaa na jambo moja kuliko yote, hesabu. Kozi hii haichukui nafasi ya hesabu wala fizikia. Njia ya kawaida ni Algebra 1, Jiometri, Algebra 2, halafu Prekalkulasi, kwa hiyo anayeanza Algebra 1 darasa la tisa anamaliza sekondari bila kugusa Kalkulasi, hesabu ya juu inayofuata baada ya hizo, na vyuo vya uhandisi vinaitazama sana hiyo. Uliza kama anaweza kusoma Algebra 2 na Jiometri mwaka mmoja, au akasoma moja kipindi cha kiangazi. Uliza pia mtihani wa mwisho wa kozi unampa krediti ya chuo gani, yaani chuo gani kitamhesabia kozi hiyo kama sehemu ya shahada, maana vipo vinavyotoa, kama Rochester Institute of Technology, lakini si vyote na kila kimoja kina masharti yake.

Fomu kama imesharudi bila hilo somo usikate tamaa, ratiba hubadilishwa hata wiki za mwanzo za muhula, ila viti hujaa, basi nenda wiki hii.